Mizani ya Saa Tisa

Saa tisa usiku, Limbani, umeme umekatika tena,
na wewe Shaame, wa siku kumi na tisa,
umekunja magoti mpaka kitovuni,
uso umekuiva kama mpeta uliosahauliwa mtini.

Mimi ni karani wa mizani.
Mchana napima magunia ya watu kituoni,
karafuu mbichi naijua kwa kuivunja kwa ukucha,
namjua aliyezirashia maji usiku ili zizidi uzito.
Lakini kilio hiki hakina jiwe la kukipimia.

Mama yako amelala ubavu,
kitambaa cha tumbo kimemlegea,
uji wa pilipili manga umeganda bakulini.
Nilimwambia: Mize, lala, leo zamu yangu.
Akasema: huna ziwa.
Nikasema: nina bega.

Bibi yako Bi Mgeni alishatoa hukumu tangu magharibi:
"Chango hilo. Mchemshieni bizari tamu, kijiko kimoja tu.
Nyie nyote mmekunywa, nani kafa?"
Amekufunga mvuje mkononi, nyumba nzima inanuka.
Nesi Tatu wa kliniki naye ana yake:
"Ziwa tu. Hata tone la maji, marufuku.
Anaikamata chuchu kwa ncha, ndiyo maana anameza upepo.
Mtieni weusi wote kinywani, kidevu kizame."
Kati ya wanawake wawili hawa nimesimama mimi,
kijiko mkononi.
Nikakilamba mwenyewe.
Bizari tamu ni tamu kweli.

Bega la kushoto: hapana.
Kifudifudi juu ya mkono wangu, viungo vinaning'inia,
kama komba kwenye tawi la mkarafuu: kidogo, kisha hapana.
Nakuendesha miguu baiskeli, twende Konde,
Konde hatufiki, kilio kinaturudisha Mzambarauni.
Napasha kiganja kwa mafuta ya nazi
nakizungusha tumboni, kando ya kitovu kilichodondoka juzi,
taratibu, kwa kufuata mshale wa saa,
na saa yenyewe ukutani imesimama.
Nikiweka sikio nasikia maji yanatafuta mfereji.
Mtu mdogo hivi,
nani kakutia tufani?

Najikuta nahesabu. Tabia ya kazi.
Mlango wa uani mpaka turubai la karafuu za jirani, hatua arubaini na moja,
kurudi arubaini na tatu, sijui kwa nini.
Kuna wakati nilikulaza kitandani, nikatoka.
Nikasimama kizani peke yangu.
Pumzi tatu.
Nikarudi.
Hili simwambii mtu. Na wewe usiseme.

Halafu, sijui nilifanya nini,
pengine nilichoka tu, bega la kulia likashuka,
ikakutoka mbweu,
mbweu ya mzee aliyeshiba pilau ya harusi isiyomhusu.
Na nyuma yake, huko chini, ushuzi mrefu,
kama kanga kuukuu inayochanwa.
Msikitini muadhini ndiyo kwanza anakohoa,
kipaza hakina umeme, kikohozi kikaja kitupu.
Shaame, umetengua udhu usiokuwa nao.
Magoti yakanyooka. Ngumi ikafunguka,
ndani yake mlikuwa na uzi wa kanga ya mama yako.

Sikusogea.
Nilikaa na uzito wako kifuani.
Kilo tatu na robo, karatasi ya kliniki inasema.
Mimi nasema zaidi,
na mimi ndiye karani.

Asubuhi kituoni mzee Faki Makame, akingojea gunia lake lishuke,
alinikodolea bega.
"Bwana Khatib, hiyo nini, chokaa?"
Nikagusa. Maziwa yaliyocheuliwa, yamekauka, yameshika shati.
Nikamwandikia kilo zake.
Sikuyafuta.